Sura Yake Mbaya, Lakini

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani sikuiona, na kama wewe unaijua, shauri yako na macho yako. Katika nchi hiyo isiyokuwapo palikuwa na reli, na kwenye reli palikuwa na stesheni kuu, na juu ya stesheni palikuwa na daraja la chuma la waenda kwa miguu. Kila Jumamosi asubuhi watu wenye akili timamu walipanda daraja hilo wakasimama kutazama mabehewa yakisukumwa mbele na nyuma. Hao walijiita Wapenzi wa Reli. Walikuja na chupa zao za chai na maandazi, wakabishana juu ya milio ya honi kama wengine wanavyobishana juu ya mpira, na hawakumdhuru mtu. Serikali iliwaacha, kwa kuwa haikuwahi kufikiri kwamba mwananchi anaweza kupenda kitu bila kuagizwa.

Bi Tunu hakuwa mpenzi wa reli. Alikuwa mke wa mpenzi wa reli, na huo ni mzigo mwingine kabisa. Kazi yake yeye ilikuwa kusifu. Harusi yoyote yenye hadhi katika mji ule ilimwita asimame mbele ya wageni amsifu bwana harusi mpaka ukoo wa bibi harusi ujione umeokota dhahabu. Aliwahi kumsifu bwana harusi mmoja mwenye makengeza, wageni wakatoka ukumbini wakijiuliza kama macho yao wenyewe yamenyooka. Hakuwa mwongo. Alikuwa fundi, na fundi hufanya kazi na mbao alizoletewa.

Mumewe, Kisaka, alikuwa mtengeneza saa, mtu wa maneno machache. Nyumbani maneno yote aliyabeba mkewe. Lakini Jumamosi, akishafika darajani, Kisaka alibadilika. Alishika kingo za chuma kwa mikono miwili, akainama, na injini ikipita chini yake alitabasamu na uso wake ukawa uso wa kijana aliyekuja kumposa Tunu akiwa amevaa viatu vya kuazima. Tunu hakujua tofauti ya breki na bafa. Alikwenda na kitambaa chake cha kufuma akaketi pembeni, na kila mara aliinua macho amtazame mumewe akitazama treni. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, na hakumwambia mtu.

*

Waziri wa Reli wa nchi hiyo alikuwa Mheshimiwa Matongwe, ambaye hakuwahi kupanda treni hata siku moja. Yeye alipenda msafara. Alipenda magari meusi marefu yanayofuatana, pikipiki mbele, vimulimuli, ving'ora, na watu wa kawaida wakiwa wamesimamishwa juani pande zote mbili za barabara wakimngoja apite. Alikwenda na msafara bungeni, alikwenda na msafara kunyolewa, na inasemekana aliwahi kwenda na msafara kumtembelea jirani wa nyumba ya pili, ukazunguka mji mzima ili njia iwe na heshima kidogo. "Kiongozi ni mwendo," alizoea kusema. "Kiongozi aliyesimama ni sanamu." Siku moja msafara wake ulikutana njia panda na msafara wa Mtukufu Rais mwenyewe, na kwa kuwa wa Matongwe ulikuwa mrefu zaidi, polisi wa barabarani walichanganyikiwa wakausimamisha wa Mtukufu. Mtukufu alisema si neno. Watukufu wakisema si neno, mtu mwenye busara hufungasha virago, ila Matongwe hakuwa na nafasi ya busara, alikuwa na haraka.

Sasa lazima nieleze Sheria ya Sifa, maana bila hiyo utadhani natunga. Katika nchi hiyo, mtu akisifiwa hadharani na umati ukapiga makofi, sifa ile inakuwa kweli kisheria, na hakuna ruhusa ya kuikanusha. Sheria hiyo aliipeleka bungeni Matongwe mwenyewe, mwaka yalipopotea mataruma, vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli, katika njia ya kaskazini. Watu walianza kuuliza mataruma yameenda wapi, na kwa nini ua wa shamba la Mheshimiwa umejengwa kwa vyuma vizuri vile. Basi ukaitishwa mkutano, mtu akasimama akasema Mheshimiwa Matongwe ni mwaminifu, makofi yakapigwa, na kesi ikafutwa, kwa kuwa mahakama haiwezi kumshtaki kwa wizi mtu ambaye ni mwaminifu kisheria. Wakubwa wote waliipenda sheria hiyo. Waliiona ni ngao, na hakuna aliyefikiri kwamba kitu kilekile kinaweza kumfunika mtu mpaka akose pumzi.

*

Ikafika siku Matongwe akanunua injini mpya ya sogeza. Kwa asiyejua, injini ya sogeza ni ile inayokaa hapohapo stesheni ikipanga mabehewa: inasukuma haya, inavuta yale, na haitoki kwenda safari. Mheshimiwa hakujua hilo. Alitangaza kwamba injini hiyo itakimbia kutoka pwani mpaka mpakani, na wataalamu wake, ambao walikuwa na watoto wa kusomesha, wakaitikia ndiyo.

Siku ya kuizindua, bendi ilikuwapo, mazulia yalikuwapo, Mkuu wa Polisi alikuwapo. Wapenzi wa Reli walijaa darajani. Turubai likavutwa, na umati mzima ukanyamaza.

Ilikuwa na kibanda cha dereva kirefu na chembamba, kimesimama katikati kama kabati lililosahauliwa juu ya mkokoteni. Mbele pua yake ilikuwa ndefu na imelala chini sana, karibu inuse reli. Nyuma pua ilikuwa fupi, imekatwa mshazari, utadhani mchoraji aliitwa kula kabla ya kumaliza. Madirisha yalikuwa makubwa kupita kiasi na yote yameinamia chini. Rangi zake zilikuwa zambarau na njano ya kiini cha yai, ambazo Mheshimiwa alizichagua kutoka kwenye tai zake.

"Pasi ya mkaa," alinong'ona Mzee Dadi, mwenyekiti wa Wapenzi, ambaye zamani alikuwa stesheni masta.

"Pasi ina umbo, Mzee," alijibu kinyozi mmoja, mwanachama wa miaka mingi. "Hii ni mtu aliyeketi msalani akakuta mlango haufungi."

"Mimi naona jeneza lililoota nyumba ya njiwa," akasema mwingine.

Ikawa kila mtu na lake, na vicheko vya chinichini. Kisaka peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye chuma, na Tunu aliuona ule uso.

"Tazama ile pua," alimwambia mkewe polepole. "Wameilaza ili dereva amwone mpiga bendera akiwa chini relini. Ile injini ya zamani ilikuwa na pua ndefu iliyoinuka, ndiyo iliyomkata miguu Mbelwa, mpiga bendera wa zamani, kwa sababu dereva hakumwona. Na madirisha yameinama kwa sababu hiyohiyo. Mke wangu, aliyechora kitu hiki alimfikiria mtu aliye chini."

"Lakini sura, baba?"

"Sura ni mbaya," alisema Kisaka, na akacheka kwa furaha.

Hapo ndipo Mheshimiwa, aliyeona umati umepoa, alipoagiza kipaza sauti kipelekwe darajani ili wajuzi wa reli watoe maoni yao kwa uhuru. Kipaza sauti kikamfikia Mzee Dadi. Mzee Dadi alikitazama kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenzake, akampa Kisaka.

Kisaka, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu, alikishika kwa mikono miwili. Moyo ulikuwa umemjaa. "Sura yake mbaya," alisema, na sauti yake ikaenea stesheni nzima, "lakini—"

Hakufika mbele ya hapo. Bendi iliamriwa ipige, polisi wakapanda ngazi, na Kisaka akafungwa pingu, akashushwa darajani huku mdomo wake bado uko wazi ukitafuta nusu iliyobaki. Shitaka lilisomwa palepale: kupatikana na neno 'lakini' mahali pa hadhara. Kesho yake Mzee Dadi alitoa tamko kwamba Wapenzi wa Reli, kwa kauli moja, wanaiona injini ile nzuri kuliko mama zao.

*

Tunu alikwenda kwa Waziri. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka akazoeleka kama sehemu ya benchi, na hatimaye akaingizwa. Mheshimiwa alikuwa amesimama dirishani, ubavu kwake, akitazama magari yake yakioshwa uani. Alikuwa na uso wa mama anayetazama wanawe wakiogeshwa.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka, nina safari."

"Mume wangu hakumaliza kusema, Mheshimiwa. Anaipenda injini yenu. Katika daraja lile zima ni yeye peke yake aliyeipenda. Nawaomba mumruhusu amalizie, mtasikia wenyewe."

Matongwe aligeuka. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Tunu zaidi.

"Mama, serikali ina mambo mengi. Tukianza kusikiliza nusu ya pili ya kila sentensi, maendeleo tutayaleta saa ngapi? Sisi tunachukua nusu ya kwanza, tunafanyia kazi." Akatazama tena dirishani. "Unaona lile la tatu? Limekuja jana. Nikikaa ndani yake, mama, nasahau hata kama nina mwili. Mimi nikikosa mwendo siku moja, naumwa."

"Nimesikia, Mheshimiwa," alisema Tunu.

Na kweli alikuwa amesikia, zaidi ya alivyosikia Mheshimiwa mwenyewe.

*

Kisaka alipelekwa Chuo cha Kuafiki. Mafunzo yalikuwa mepesi. Kila siku alisimamishwa mbele ya injini ile juani, akatakiwa aiambie kwamba ni nzuri, kwa sauti, bila kupumzika, mpaka jua lizame. Alipopumzika alikumbushwa, na namna alivyokumbushwa imebaki mgongoni mwake mpaka leo. Kitu alichokipenda mwenyewe, bure, kwa hiari yake, alilazimishwa kukipenda kwa kiboko. Walimwachia sauti ilipokatika, kwa kuwa mwanafunzi asiyeweza kusifu hana faida chuoni.

Nyumba yao ilikuwa karibu na reli. Kiti cha Kisaka siku zote kilikuwa dirishani, kimetazama njia. Siku aliyorudi alikiinua kile kiti, akakigeuza kikatazama ukuta, akaketi. Honi ikilia alishtuka mabega na kuinamisha kichwa. Jumamosi ilifika, Tunu akajaza chai kwenye chupa kama kawaida, akamwekea viatu mlangoni. Kisaka alivitazama viatu, akatikisa kichwa, akarudi ukutani. Saa za watu zilirundikana mezani hazitengenezwi.

Tunu alikwenda jikoni akafunga mlango. Hakulia, maana kulia alikuwa amekumaliza kwenye benchi la Waziri. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi, "Matongwe, umemnyang'anya mume wangu kitu alichokipenda. Na mimi nitakunyang'anya chako, na utapiga makofi mwenyewe."

Wapo watu watakaosema kisasi si kizuri, msamaha ni bora. Watu hao waende wakamsamehe Matongwe, mimi ninasimulia habari za Tunu.

*

Akangoja. Siku ya Makofi ilipokaribia, ambayo ni sikukuu ya taifa lile, Mheshimiwa Matongwe alitaka asifiwe yeye na injini yake mbele ya Mtukufu. Alitaka sifa zisizo za kawaida, na mji mzima ukamwambia hakuna asifuye kama Bi Tunu. Alipoelezwa kwamba ni mke wa yule mkosaji alifurahi. "Hapo ndipo sifa inaponoga," alisema. "Watu waone kwamba hata aliyeumia anatushukuru."

Mjumbe alikuwa Mzee Dadi. Alikuja na kofia mkononi, akakwepa kutazama kule ukutani.

"Shemeji, najua ni jambo gumu. Ukikataa nitaelewa. Nitakwenda kuwaambia unaumwa."

"Nani amekataa?" alisema Tunu. "Waambie nakuja. Tena nitamsifu mpaka akome."

"Shemeji, usije ukasema neno baya jukwaani. Watatukamata sote."

"Mzee Dadi, mimi na neno baya wapi na wapi? Nitamvika kilemba, basi."

Mzee Dadi hakuuliza kilemba cha nini. Angeuliza, angeambiwa ni cha ukoka.

Kabla ya sikukuu, kila sifa ilipaswa kukaguliwa. Mkaguzi wa Sifa aliketi mezani na kengele ndogo, akasikiliza. Kazi yake ilikuwa kupiga kengele akisikia lakini, ila, ingawa, isipokuwa, au mtu akivuta pumzi kwa namna ya kutia shaka. Tunu alisimama akatoa sifa zake zote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuficha hata neno. Kengele haikulia. Mkaguzi alikuwa na machozi.

"Miaka yote nakagua," alisema akijifuta, "sijasikia sifa safi kama hizi. Hamna hata tone la upungufu."

Naam, hamkuwa na upungufu. Idara ile ya ukaguzi ilianzishwa kutafuta upungufu, na hakuna aliyewahi kuiagiza iangalie pia sifa zilizozidi.

*

Siku yenyewe umati ulifurika stesheni. Mtukufu aliketi kwenye kiti chake kirefu. Matongwe aliketi kando yake, amevaa tai ya zambarau yenye mistari ya njano. Injini ilisimama mbele ya jukwaa, imeoshwa, imepambwa kwa maua, na bado ilikuwa na sura ileile.

Lazima ujue itifaki ya nchi hiyo: anayesifiwa ndiye anayeanza kupiga makofi, ili asionekane hana shukrani, na umati unamfuata. Matongwe alikuwa amesifiwa mara nyingi mno katika maisha yake hata hakusikiliza tena maneno. Alisikiliza sauti. Sauti ikipanda, alipiga. Alikuwa akifanya hivyo huku akiwaza mambo mengine, hasa magari.

Tunu alipanda jukwaani na leso begani, kama anavyopanda kwenye harusi.

"Naomba ruhusa wenye shughuli!"

"Ruhusa!" umati ukaitikia.

"Nisifu, nisisifu?"

"Sifu!"

"Nimewaona mawaziri wa reli wa nchi za wenzetu," alianza kwa sauti ya chini, tamu. "Waziri wa reli, jamani, anakwenda kazini kwa gari. Mmeona wapi mpishi anayekula kwa jirani?" Watu wakacheka. "Wetu si wa namna hiyo. Wetu aliinunua injini hii kwa mapenzi. Aliichagulia rangi mwenyewe, kama mtu anavyomchagulia mchumba kanga. Na mtu aliyechagua mchumba, anakwenda kulala kwa nani?"

"Kwa mchumba!" akinamama wakajibu, na vigelegele vikapaa. Sauti ya Tunu ilikuwa imepanda. Matongwe akapiga makofi, na umati ukafuata.

"Basi nawaambia siri ya moyo wake, ambayo hajaisema kwa mdomo, maana wakubwa hawasemi kwa mdomo. Huyu mheshimiwa magari yamemchosha! Anayaonea haya!" Makofi. "Anasema, yale magari meusi awe nayo Mtukufu, baba yetu, anayestahili msafara mrefu kuliko sisi sote!" Makofi yakawa mengi, na Mtukufu, ambaye alikuwa akisinzia, akafumbua macho. "Ameapa kwamba lami haitaona tena unyayo wake! Ataishi humu," akanyoosha kidole kwenye injini, "atakula humu, atafanya kazi za taifa humu, mchana na usiku, mpaka Mungu amchukue akiwa humu! Nani mwingine katika dunia hii anaipenda kazi yake kiasi hicho? Hayupo! Mpigieni makofi!"

Sauti ilikuwa imepanda hadi juu kabisa, basi Matongwe alipiga makofi kwa nguvu zake zote, akisimama. Umati ukasimama. Bendi ikasimama. Na Mtukufu Rais akasimama pia, akapiga makofi polepole, mazito, akimtazama Matongwe usoni kwa tabasamu la mtu aliyesimamishwa njia panda siku moja na hajasahau.

"Sifa imepita," alisema Mtukufu. "Leteni zulia."

Hapo Matongwe alianza kurudisha maneno kichwani, moja moja, kuanzia la mwisho. Mikono yake ilipunguza kasi. Uso ulibadilika rangi ukakaribia ile ya tai. Akakikimbilia kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "nashukuru sana kwa sifa hizi, lakini—"

Mkuu wa Polisi akapiga hatua moja mbele. Alikuwa ni yuleyule, na pingu zilikuwa ni zilezile. Kiongozi wa bendi, ambaye kazi yake alikuwa anaijua, akainua kijiti chake. Matongwe aliwatazama wote wawili, akameza mate, na nusu ya pili akaimeza pamoja nayo. Akapita juu ya zulia, akapanda ngazi za injini, na mlango ukafungwa kwa heshima zote za kitaifa.

Tunu alishuka jukwaani. Moyoni alijisikia kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya safari ndefu. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajawahi kukipika wenyewe.

*

Ndipo Mheshimiwa alipogundua injini ya sogeza ni kitu gani. Alimwamuru dereva waende mpakani. Dereva akamweleza kwa adabu kwamba kanuni za reli, ambazo Mheshimiwa mwenyewe alitia saini bila kuzisoma, zinakataza injini hiyo kuingia njia kuu. Inakwenda kutoka bohari la saruji mpaka ukuta wa karakana. Kisha inarudi.

"Kisha?" aliuliza Matongwe.

"Kisha inakwenda tena, Mheshimiwa."

Serikali haikumtupa. Alibaki Waziri. Injini ilifungwa vimulimuli na king'ora, kwa ajili ya hadhi yake, na nyuma yake yalifungwa mabehewa matupu ili awe na msafara. Mabalozi walipanda darajani kumwona, wakampungia mkono alipopita akienda, wakamaliza mazungumzo alipopita akirudi. Baraza la Mawaziri lilimsikiliza kwa simu, isipokuwa honi ilipolia. Yale magari meusi Mtukufu aliyapokea kwa masikitiko, akaanza kuyatumia siku hiyohiyo. Mheshimiwa alinenepa, maana hakuwa na pa kutembea, na kwa kuwa madirisha ya injini ile yalichorwa ili dereva aone kila upande, kila upande nao ulimwona yeye, akila, akisinzia, akilia.

Tunu alimsimulia mumewe yote hayo, akiwa nyuma ya kiti chake. Kisaka alisikiliza akitazama ukuta. Hakusema kitu, kwa kuwa sauti ilikuwa bado ya kukwaruza na hakupenda kuisikia. Ila honi ilipolia jioni ile, mabega yake hayakushtuka. Aligeuza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa mbali. Jumamosi iliyofuata Tunu aliweka viatu mlangoni, na Kisaka akavivaa.

Wapenzi wa Reli walimpisha njia darajani. Mzee Dadi alimwinamia akamshika mkono akashindwa kuuachia. Kisaka alifika mahali pake pa zamani, akashika chuma. Injini ya zambarau na njano ilikuwa inakuja kutoka ukutani, polepole, king'ora kikilia, na dirishani alikuwa Mheshimiwa Matongwe ametoa kichwa.

Alimtambua Tunu kwanza. "Mama!" aliita. "Bi Tunu, nakuomba! Niongezee sifa moja tu. Sema napenda pia kutembea kwa miguu!"

"Mheshimiwa," alijibu Tunu akiwa amekaa na kitambaa chake, "sisi tumechukua nusu ya kwanza, tunaifanyia kazi."

Matongwe akamwona Kisaka, na ghafla macho yake yakang'aa. Alikuwa bado ni mjanja. Alimwamuru dereva afunge breki chini ya daraja. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuikataa injini, kwa kuwa ingekuwa ni kukanusha sifa. Lakini kama mwananchi mjuzi wa reli angesema kwamba haifai, na Waziri akampa ruhusa, ingeweza kuondolewa, ikauzwa chuma chakavu, naye ashuke.

"Ndugu Kisaka," aliita, na sauti ilimlegea kwa upole. "Wewe siku ile ulikatizwa. Lilikuwa kosa. Mimi Waziri leo nakupa ruhusa rasmi. Maliza sentensi yako. Usiogope, polisi hawatakugusa. Ilikuwaje? Sura yake mbaya, eh? Sema, kaka. Sema yote."

Kisaka aliinama kwenye chuma. Aliitazama ile pua iliyolala, na mpiga bendera aliyesimama salama chini mbele yake akionekana mwili mzima. Aliyatazama madirisha yaliyoinama. Tunu aliinua macho kutoka kwenye kufuma kwake, kama alivyozoea, akauona ule uso.

"Sura yake mbaya," alisema Kisaka kwa sauti ya kukwaruza, na Matongwe akaitikia kwa kichwa kwa hamu, ndiyo, ndiyo. "Lakini naipenda. Hakuna injini bora kuliko hii katika stesheni yetu. Isiondolewe hapa kamwe."

Tunu alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mzee Dadi alifuata, na kinyozi, na daraja zima, na hata mpiga bendera kule chini aliweka bendera yake kwapani akapiga. Matongwe alifungua mdomo, akamwona askari aliyekuwa kwenye ngazi, akaufunga. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria na injini ilikuwa yake, naye akapiga makofi.

Dereva akaachia breki. Injini ikaelekea bohari la saruji, na Kisaka akainama zaidi ili aione vizuri ikirudi.

Ukifika nchi hiyo, ambayo nimeshakwambia haipo, panda darajani siku ya Jumamosi. Utawakuta mume na mke wanakunywa chai, na ukikaa kidogo Waziri atapita.